Kushona gauni la miaka ya vita: mwongozo kamili, toka bahasha ya pateni hadi upindo

Pateni (karatasi za kukatia nguo) za kike zilizotoka Uingereza na Marekani kati ya 1941 na 1946 zina tabia moja inayowachanganya mafundi wengi: kila inchi ya kitambaa imehesabiwa. Pindo ni nyembamba, sketi ni finyu, vifungo vichache, na vipande vimechorwa ili vibanane kwenye kitambaa kama samaki kwenye tenga. Fundi asiyejua sababu huanza kurekebisha kabla hajaelewa. Anaongeza upindo, anapanua sketi, anatupa pedi za mabega, halafu nguo inakaa vibaya na hajui imeharibikia wapi. Kwa hiyo tuanze na amri zilizoibana nguo hiyo, kisha twende kwenye mkasi.

Uingereza ilianza mgawo wa nguo tarehe 1 Juni 1941, na mgawo huo haukuondolewa mpaka Machi 1949. Mwaka wa kwanza mtu mzima alipewa kuponi 66. Gauni la sufu lilikula kuponi 11, la pamba au rayoni 7. Kitambaa cha sufu chenye upana wa inchi 36 kilidai kuponi 3 kwa yadi, vingine kuponi 2. Mwaka 1942 zikaja kanuni za kubana matumizi viwandani: gauni lisizidi mifuko 2, vifungo 5, mishono 6 kwenye sketi, na marinda ya sanduku 2 au marinda bapa 4. Hata wabunifu wakubwa wa London, akina Norman Hartnell na Hardy Amies, walichora mavazi ndani ya mipaka hiyo. Mavazi yaliyopitishwa na serikali yalipigwa alama ya CC41.

Marekani nayo ilitoa amri ya L-85 tarehe 8 Aprili 1942. Upindo usizidi inchi 2, sketi ya saizi 16 ibanwe kwenye inchi 72 za mzingo, mikono mipana ya kifahari iachwe. Chuma kilikwenda kwenye silaha, ndiyo maana zipu iliadimika na gauni likafungwa ubavuni kwa vifungo vya kubonyeza na kulabu.

Ukiyashika haya, pateni itaanza kusomeka. Bega limepanuliwa kwa pedi ili kiuno kionekane chembamba bila kutumia kitambaa cha ziada. Marinda machache yamewekwa mahali pamoja tu, mara nyingi chini ya yoki (kipande cha juu cha mabega) au juu ya mkono, kwa sababu hapo ndipo yanapoonekana. Yaliyobaki ni mkato mzuri.

Kukagua pateni kabla ya kulipa

Bahasha nyingi hazina mwaka, ila dalili zipo. Anwani ya Marekani yenye namba ya kanda baada ya jina la mji, kwa mfano "New York 17, N.Y.", haiwezi kuwa ya kabla ya 1943, kwa kuwa namba hizo zilianza mwaka huo. Ukiona L-85 imetajwa, ni ya baada ya Aprili 1942. Sketi ndefu inayofika nusu ya muundi, pana, na mabega ya mviringo, hiyo ni ya baada ya Februari 1947, mbunifu Christian Dior alipoonyesha mkusanyo wake wa kwanza Paris. Hiyo si ya vita, hata muuzaji akikuapia.

Majina ya kawaida upande wa Marekani ni Simplicity, McCall, Butterick, Vogue, Advance (iliyouzwa katika maduka ya J. C. Penney), DuBarry (iliyouzwa Woolworth) na Hollywood. Uingereza utakutana na Weldons, Bestway na Style. Tofauti kubwa kati yao ni hii: McCall walichapa mistari na maneno kwenye karatasi, wakati wengi wa wenzao waliuza karatasi tupu nyembamba iliyotobolewa matundu. Kwa anayeanza, tafuta ya McCall. Ya matundu inasomeka pia, lakini itakudai subira.

Fungua bahasha, hesabu vipande ukivilinganisha na mchoro wa karatasi ya maelekezo. Kila kipande kina herufi au namba. Ukanda, mfuko au kipande cha kukunjia ndani vikikosekana si hoja, utavichora kwa dakika kumi. Mkono ukikosekana, au kola, au upande wa mbele wa kifua, iache. Umbo la kichwa cha mkono ndilo roho ya pateni ya miaka hiyo, na kulibahatisha ni kazi ya fundi mzoefu. Karatasi ya maelekezo ikikosekana kwenye pateni ya matundu, punguza bei sana au ondoka.

Angalia pia kama mtu aliyepita ameikata. Wengi walipunguza urefu kwa kukata chini ya kifua, au walikunja na kubana pini ambayo imeshika kutu. Pini ya kutu usiivute. Ikate karatasi kuizunguka, kisha ziba tundu wakati wa kunakili.

Saizi: sahau namba unayovaa leo

Saizi za pateni za wakati huo zilikwenda kwa kifua, na hazina undugu na saizi za madukani sasa. Kwa saizi za wanawake wa umbo la kawaida, vipimo vya mwili ni hivi:

Saizi 12: kifua inchi 30, kiuno 25, nyonga 33.
Saizi 14: kifua 32, kiuno 26 na nusu, nyonga 35.
Saizi 16: kifua 34, kiuno 28, nyonga 37.
Saizi 18: kifua 36, kiuno 30, nyonga 39.
Saizi 20: kifua 38, kiuno 32, nyonga 41.

Nyonga ilipimwa takribani inchi 7 chini ya kiuno. Chagua kwa kifua, si kwa kiuno wala nyonga. Sababu ni mabega, shingo na kwapa: hayo ni magumu kuyabadilisha, ilhali kiuno na nyonga hupanuliwa pembeni bila kuvuruga umbo. Mwenye kifua kikubwa lakini mabega membamba apime juu ya kifua, futikamba ikipita chini ya kwapa juu ya matiti, achague kwa kipimo hicho, kisha apanue mbele peke yake.

Wanawake wengi wa leo watakuta kiuno cha pateni kimewabana kuliko kifua. Wachoraji walimwazia mwanamke aliyevaa mkanda wa ndani wa kubana tumbo. Usijilaumu, ongeza kiuno.

Kunakili: pateni ya asili haikatwi

Karatasi ina umri wa miaka 80. Imekauka, na mikunjo yake ndiyo inayopasuka kwanza. Hata ikiwa imara, ni moja tu, na ukikosea kuikata hakuna nyingine. Hatua ni hizi:

1. Weka pasi kwenye moto mdogo kabisa, bila mvuke na bila maji. Tandika kitambaa cheupe safi, weka kipande, kifunike na kitambaa kingine, pitisha pasi kwa kukandamiza na kuinua. Ukisukuma pasi, karatasi inachanika.

2. Mpasuko ukitokea, unganisha kwa chini na ukanda wa karatasi nyembamba na gundi ya unga kidogo. Selotepu usiiguse. Hugeuka njano, hutoa gundi, na huila karatasi.

3. Tandika kipande juu ya karatasi ya kaki au karatasi nyeupe ya kuchorea. Kishikilie kwa vitu vizito vidogo, mfano sahani au mawe safi ya mtoni. Pini zitaongeza matundu ambayo kesho utayasoma kama alama.

4. Chora pembeni kwa penseli laini. Nakili kila tundu, na upitishe penseli kwenye kila pembe iliyokatwa ukingoni, maana hiyo ndiyo alama ya kukutanisha vipande.

5. Andika kwenye nakala: kampuni, namba ya pateni, saizi, herufi ya kipande, na idadi ya kukata. Kisha kunja ya asili kwa mikunjo yake ileile, irudi kwenye bahasha.

Matundu yenyewe ni lugha. Safu ya matundu makubwa inayokwenda wima kwa kawaida ni mstari wa uzi wa kitambaa. Matundu makubwa mawili au matatu yaliyokaa karibu na ukingo ulionyooka mara nyingi yanamaanisha weka kwenye mkunjo wa kitambaa. Madogo huonyesha dati (mikunjo inayoshonwa ili nguo ifuate mwili), marinda, au mahali pa mfuko. Lakini kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake, na tundu la kampuni moja linaweza kuwa na maana tofauti kwa nyingine. Ufunguo upo kwenye karatasi ya maelekezo, usome kabla ya kuchora mstari wowote.

Kosa lililo ghali kuliko yote hapa ni nafasi ya mshono. Kwenye pateni za wakati huo mara nyingi ni nusu inchi, lakini wachoraji wengine waliacha robo tatu pembeni mwa gauni ili lipanuliwe. Tukishona kwa inchi 5/8 ya siku hizi kwenye pateni ya nusu inchi, kila mshono unakula 1/8 kila upande. Gauni lenye mishono 8 ya wima kiunoni litapungua inchi 2 nzima, na mshonaji atadhani amenenepa. Chora mstari wa kushonea kwenye nakala yako. Utashona juu ya mstari badala ya kukisia.

Kupima nakala na kupanua

Pima kila kipande kifuani, kiunoni na nyongani, ukitoa mishono na dati, kisha jumlisha mara mbili kwa vipande vinavyokatwa viwili. Linganisha na mwili wako pamoja na nafasi ya kupumulia. Magauni ya miaka hiyo huwa na inchi 3 hadi 4 za ziada kifuani, inchi 1 hadi 1 na nusu kiunoni, na 2 hadi 3 nyongani. Ukiona kifuani pana zaidi, usipunguze. Hiyo ni nafasi ya blauzi kuanguka kidogo juu ya mkanda, na ukiiondoa mkono hautanyanyuka.

Tuchukue mfano. Una pateni ya saizi 16 (34, 28, 37) na mwili wa kifua 38, kiuno 33, nyonga 43. Tofauti ni inchi 4, 5 na 6. Gawa kwa nne, kwa kuwa mwili wa juu una nusu mbele na nusu nyuma, kulia na kushoto: inchi 1 kifuani, 1 na robo kiunoni.

Inchi 1 ya kifuani haiwekwi yote pembeni. Kata nakala wima mahali pawili: mstari mmoja toka katikati ya bega hadi kiunoni, mwingine toka katikati ya kwapa. Fungua 3/8 kwenye bega, nusu inchi kwenye kwapa, na 1/8 iliyobaki iongeze kwenye mstari wa kati wa mbele na wa nyuma ili shingo ikue kidogo. Robo ya ziada ya kiunoni itoke pembeni, ukiishusha taratibu kutoka chini ya kwapa. Mkono nao lazima ukue, la sivyo hautaingia: fungua nusu inchi mbele na nusu inchi nyuma ya mstari wa kati, inua kichwa chake kwa 1/8.

Sketi ya vipande sita ni rahisi zaidi. Ina kingo 12 za mshono. Inchi 6 za nyonga ukigawa kwa 12 ni nusu inchi kila ukingo. Kiunoni weka 3/8 kila ukingo, upate inchi 4 na nusu, na nusu iliyobaki iende kwenye mishono miwili ya ubavuni, 1/8 kwa kila ukingo wake. Ukimaliza, tembeza mstari wa kiuno wa juu juu ya ule wa sketi: lazima zilingane, na mshono wa ubavu ukutane na mshono wa ubavu.

Mfano huu umekwenda saizi mbili, na hapo ndipo mwisho. Tofauti ya kifua ikizidi inchi 4, tafuta pateni kubwa zaidi. Shingo na kwapa vitakuwa vimepotoka kiasi kwamba unashona mchoro wako mwenyewe.

Urefu toka mfupa wa shingo hadi kiuno uupime kabla ya chochote kingine. Kiuno cha miaka ya 1940 kinakaa mahali pake hasa, pale mwili unapokunjika ukijipinda pembeni. Nusu inchi juu yake nguo inapanda kila ukiinua mkono.

Gauni la majaribio

Tumia amerikani, ile pamba ngumu isiyopaushwa, kwa mwili wa juu na mkono mmoja. Sketi haihitaji majaribio isipokuwa umeipanua sana. Shona kwa mishono mirefu, tia pedi ya bega, na vaa nguo ya ndani utakayovaa siku yenyewe.

Tunasisitiza pedi kwa sababu bega limechorwa juu likiisubiri. Bila pedi ya karibu nusu inchi, kitambaa kinalala na mkunjo unashuka kutoka shingoni kwenda kwapani. Watu huona mkunjo huo wakakata upande, wakaharibu. Usipotaka pedi kabisa, rekebisha karatasi: shusha ncha ya nje ya bega nusu inchi mbele na nyuma, ukimalizia sifuri shingoni, kisha shusha chini ya kwapa nusu inchi hiyohiyo ili mzingo wa kwapa ubaki ulivyokuwa. Ubavu utakuwa umefupika, na ndivyo unavyotakiwa. Lakini kusema kweli, gauni la vita bila bega linapoteza nusu ya sura yake.

Kitambaa na kiasi chake

Pateni zinataja upana wa inchi 35, 39 na 54. Inchi 35 ni pamba, 39 ni rayoni, 54 ni sufu. Vitambaa vya sasa ni 44 hadi 60. Kubadilisha, zidisha yadi zilizoandikwa kwa upana wa zamani, gawanya kwa upana mpya, kisha ongeza robo yadi. Yadi 4 za inchi 35 zikienda kwenye inchi 45 ni yadi 3 na kitu kidogo, nunua 3 na 3/8. Kabla ya kulipa, tandika nakala sakafuni ndani ya upana mpya, kwa kuwa kipande kimoja kipana cha sketi kinaweza kuvuruga hesabu yote.

Rayoni ya krepu ndiyo kitambaa cha kipindi hicho. Inaanguka vizuri na marinda yake hayavimbi. Inasinyaa sana ikilowa, kwa hiyo iloweke, ianike, ipige pasi kabla ya kukata. Pamba laini inafaa gauni la nyumbani na la vifungo mbele, na kitani pia. Kitenge kipya chenye nta kinafaa pateni yenye kola, vifungo na sketi ya vipande, maana kinashika umbo. Kwenye pateni yenye marinda chini ya yoki kitasimama kama kikapu, epuka. Kitambaa kinachovutika hakifai hata kimoja: mistari yote imechorwa kwa kitambaa kisichovutika.

Kukata

Kunja kitambaa uso kwa ndani, nyoosha uzi, panga vipande vikubwa kwanza. Pima toka mstari wa uzi hadi ukingo wa kitambaa mahali pawili, umbali uwe sawa. Kitambaa kikipungukia, fanya kama walivyofanya mafundi wa wakati ule: unga. Kipande cha kukunjia ndani, upande wa chini wa kola, ukanda, hata kona ya sketi karibu na ubavu, vyote viliungwa kutoka vipande viwili. Hakikisha tu uzi wa vipande unaenda upande mmoja.

Pembe za ukingoni zikate zikitokeza nje, usizikate kuingia ndani ya nafasi ya mshono iliyo finyu. Alama za ndani zipigie bandi za uzi wa rangi tofauti, nyuzi mbili zikiwa zimelegea, kisha tenganisha tabaka na ukate katikati. Chaki inapotea kwenye krepu kabla hujafika kwenye cherehani.

Kushona, kwa mpangilio

Dati zote na marinda kwanza. Dati ianze kwenye upana na kumalizikia kwenye ncha kwa mishono mitatu juu ya uzi mmoja wa ukingo, halafu funga fundo kwa mkono. Ukirudi nyuma na cherehani kwenye ncha, unapata kichuguu.

Marinda ya chini ya yoki yapige kwa mistari miwili ya mishono mirefu, mmoja 3/8 na mwingine 5/8 kutoka ukingoni, ili mshono wa nusu inchi upite katikati. Yoki ya miaka hiyo haishonwi kwa kugeuza uso kwa uso. Kunja ukingo wake kwenye mstari wa kushonea, piga pasi, ulaze juu ya marinda, piga bandi, kisha shona juu kwa uso, 1/8 kutoka kwenye mkunjo. Pembe ya yoki hukaa kali kwa njia hii, na kwa njia nyingine haikai.

Mabega na kola hufuata, ndipo mikono. Kichwa cha mkono huwa kina marinda au dati ndogo tatu hadi tano. Zote zikae kati ya alama mbili za juu. Zikiteleza kushuka mbele, mkono unaonekana wa mtoto. Piga bandi mkono wote, vaa, angalia kwenye kioo ukiwa umeshusha mikono, ndipo ushone. Ndani ya kichwa hicho ongeza ukanda wa mshazari wa pamba, upana inchi 1 na nusu, urefu inchi 7, uliokunjwa mara moja na kushonwa kwa mkono kwenye nafasi ya mshono. Bila huo marinda yanalala baada ya kufuliwa mara mbili.

Kiuno: ukiunga mwili wa juu na sketi, shonea pamoja utepe wa pamba wenye urefu sawasawa na kiuno chako pamoja na inchi 1. Kiuno hakitavutika tena.

Ufunguzi wa ubavu wa kushoto ndio unaowatisha wengi. Uache inchi 4 juu ya kiuno na 5 chini yake.

1. Kata vipande viwili vya kitambaa, urefu inchi 10 kila kimoja. Cha mbele kiwe na upana wa inchi 1 na nusu, cha nyuma inchi 2 na robo tatu.

2. Cha mbele kishone uso kwa uso kwenye ukingo wa mbele, kigeuze chote ndani, piga pasi, kishikilie kwa mishono ya mkono isiyoonekana nje.

3. Cha nyuma kishone kwenye ukingo wa nyuma, kikunje katikati kwa urefu, kibaki kimetokeza nje kama ulimi. Mbele italala juu yake.

4. Funga miisho miwili kwa mishono michache ya kurudia.

5. Kiunoni weka kulabu na kitanzi, kwa maana hapo ndipo panapovutwa. Kwingine weka vifungo vya kubonyeza kila inchi 1 na robo. Nusu yenye chuchu ikae kwenye tabaka la juu, yenye shimo kwenye la chini.

Ukiweka vifungo vya kubonyeza mpaka kiunoni, vitafunguka ukikaa. Zipu ukiipenda itie, lakini iwe ya inchi 9, nyembamba, ishonwe kwa mkono.

Tundu za vifungo vya mbele ziwe za mlalo, zianze 1/8 kupita mstari wa kati, urefu sawa na kipenyo cha kifungo jumlisha unene wake. Kulia kulale juu ya kushoto.

Suti ya kiume kuwa suti ya kike

Wanaume walikuwa jeshini na suti zao zikining'inia kabatini, hivyo kugeuza suti ya mume kuwa ya mke lilikuwa pendekezo la kawaida pande zote mbili za bahari. Leo mitumba inatupa sufu nzuri kwa bei ya chini, na kazi hii inafaa sana Kariakoo au Gikomba. Chagua suti ya mwanaume mrefu na mpana kukuzidi, isiyo na viraka vya kung'aa makalioni.

Fumua kila mshono kwa wembe mdogo, usikate. Ondoa bitana, fua, piga pasi kwa mvuke, kisha inua kila kipande kwenye mwanga wa dirisha na zungushia chaki kila palipokonda. Sketi hutoka kwenye suruali. Mguu ni mpana pajani na mwembamba chini, ilhali kipande cha sketi ni chembamba juu na kipana chini. Kwa hiyo geuza mguu kichwa chini: paja liwe kwenye upindo. Geuza miguu yote miwili, mbele na nyuma, upande mmoja, la sivyo manyoya ya sufu yatarudisha mwanga kwa namna tofauti na sketi itaonekana ya rangi mbili. Magoti yaliyovimba yapige mvuke, ukiyakandamiza kuelekea katikati, kabla ya kulaza pateni.

Koti lina mitego miwili. Tundu za vifungo vya mwanaume ziko upande wa kushoto, na mfuko wa kifuani uko kushoto pia. Ukitaka kufunga kwa mtindo wa kike, lazima mstari wa mbele wa pateni ukae nyuma ya tundu za zamani, na hapo utapoteza inchi 1 au zaidi kila upande. Ndiyo maana suti iwe pana. Mfuko wa kifuani uache ulivyo, usiuzibe. Bega lipunguzwe toka upande wa mkono, si wa shingo, ukiilinda kola iliyoshonwa kiwandani.

Upindo

Tundika gauni kwenye kibanio kwa saa 24, vifungo vikiwa vimefungwa. Vipande vilivyokatwa mshazari vitashuka, vingine inchi nzima, na ni afadhali vishuke sasa. Livae na viatu, mtu mwingine apime toka sakafuni kwa rula iliyosimama, aweke pini kila inchi 3. Wewe usiiname wala usizunguke, azunguke yeye. Urefu wa wakati huo uliishia chini kidogo ya goti.

Acha inchi 2, usizidishe. Upindo mzito unaivuta sketi finyu na kuifanya itanuke kama kengele. Ukingo wa juu ukizidi upana, upige mshono mrefu mmoja, uvute taratibu hadi ulale bapa, ufunike na utepe mwembamba, kisha kunga kwa mkono, ukichukua uzi mmoja tu wa kitambaa cha nje kwa kila mshono. Piga pasi kwa ndani, ukiishia chini ya utepe ili mstari wake usijichape nje.